Gramu Arobaini

Kabla ya kukulaza, Yasna hutandika karatasi kwenye mizani,
na karatasi yenyewe ina uzito, nimeuona:
namba hutikisika kidogo, kisha hurudi sifuri.
Wewe, Mirka, mwezi mzima umeongeza gramu arobaini.
Karatasi ngapi hizo? Sikuuliza.

Nje ya zahanati wamefunga kamba, nguzo hadi nguzo,
kwa ajili ya upepo. Watu wazima wa Punta Arenas
huning'inia hapo kama nguo, kofia mkononi, wakicheka.
Nilikufungia ndani ya koti langu, vifungo vyote,
nikawaza: kwa huyu, upepo hauhitaji hata kujikaza.

Kadi yako ina mistari iliyopinda kwenda juu.
Nukta zako zinatambaa chini ya ule wa mwisho
kama mtu aliyeinama kutafuta sarafu iliyomdondoka.

Maziwa ya ng'ombe yalikuvimbisha midomo.
Yai likakuchora ramani nyekundu mgongoni.
Mama mkwe akasema: mpe uji wa ngano, mzito;
Nibaldo nimemlea kwa huo, mtazame bega.
Nikamtazama bega. Nikakupa vijiko viwili.
Usiku ule hakuna aliyelala,
si wewe, si mimi, si bega.

Sasa nasoma chakula kama mdaiwa asomavyo mkataba.
Mchele, ndiyo. Boga, ndiyo. Peasi iliyopikwa, ndiyo,
ila peasi ni maji, Yasna anasema, maji yenye adabu;
tumbo lake ni dogo kama ngumi yake,
usilijaze maji. Tia mafuta.
Basi natia. Mafuta ya zeituni kwenye boga,
kijiko cha chai, mpaka boga ling'ae
kama kiatu cha siku ya ubatizo.

Nibaldo anarudi kutoka machinjioni na shingo ya kondoo
iliyofungwa gazetini. Saa tatu jikoni, moto mdogo,
madirisha yanalia jasho, nyama inauacha mfupa yenyewe.
Mwanzoni nilikuwa nikiengua mafuta yaliyoelea,
mkono umezoea hivyo tangu kwa mama.
Siku hizi nayaengua na kukuwekea wewe.

Na parachichi! Linatoka kaskazini, siku kadhaa barabarani,
linafika gumu kama jiwe, kwa bei ya kito.
Tunalilaza kwenye droo ya soksi pamoja na ndizi
na kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini,
Nibaldo hulibonyeza kwa kidole gumba: bado.
Bado.
Bado.

Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Lakini kibaba changu kina mdomo,
na mdomo umefungwa.
Kijiko kinakuja, unageuza uso ukutani
kama hakimu aliyekwisha kuamua.
Boga shavuni, boga nywele, boga kwenye kalenda.
Nimeimba, nimebweka, nimejifanya ninakula.
Nimekula kweli, nikilia, chumvi yangu yote humo.

Jumanne parachichi likakubali.
Nibaldo alibonyeza mno, kidole kikazama,
akasimama pale na gumba la kijani,
amechelewa basi la kazini, hana kitambaa.
Ukakivuta kile kidole.
Ukakinyonya hadi kwenye kucha,
ukakitazama, ukakirudisha parachichini.
Basi likapita. Hakuna aliyesema neno.

Leo, mizani: mia moja na thelathini.
Nilisema, rudia. Yasna akarudia.
Mia moja na thelathini tangu wiki mbili.
Hapo hapo ukakojoa, mkojo mrefu, wa kitajiri.
Yasna akabadilisha karatasi, akakulaza tena:
mia moja na kumi.

Nimebeba kadi yako nje. Nukta bado iko chini ya mstari,
ila imeinua kichwa.
Naishika kamba kwa mkono mmoja, wewe kwa mwingine,
na kitu pekee ninachokiwaza, Mungu anisamehe,
ni zile gramu ishirini.