Mgeni Nyuma ya Jicho

Cha kwanza kunishtua kilikuwa kioo,
kioo cha kukuzia alichoniachia baba.
Miaka thelathini kilikaa jichoni bila kushikwa,
kisha kikaanza kuanguka, katikati ya skrubu na springi.
Nikakilaumu. Nikakifunga uzi.

Nestan alikuwa akivunja jozi:
"Otari, mbona jicho lako la kulia
linanitazama kabla yako?"
Nikacheka. Halikuuma,
na kisichouma nani hukipandishia treni?

Lakini mshale wa sekunde ukawa miwili,
wa kweli, na mwingine unaounyatia kwa juu.
Nyusi ikafa ganzi kama ya mtu wa kuazima.

Tbilisi, Daktari Tsiala hakukimbilia mashine.
"Nipe picha zako za zamani."
Harusi. Leseni. Ubatizo wa mjukuu.
Akazipanga, akapima kwa rula,
kwa subira ninayoijua, subira ya fundi.
"Hapa liko sawa. Hapa limesogea. Miaka saba.
Saratani kwa kawaida haina adabu ya kungoja hivi.
Lakini tuhakikishe."

Ndani ya tundu la sumaku, lililogonga kama saa mbovu,
akaonekana: ukubwa wa zabibu, kingo laini,
amejilaza juu ya mshipa wa fahamu wa nyusi.
"Ni nadra," alisema.
Halikunifariji.
Saa nadra hukosa vipuri.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu miaka saba,
na sikujua hata kumwambia karibu.

Wakaufungua mfupa wa pembeni,
wakauweka kando kama niwekavyo kifuniko,
wakalipasua ganda, wakamtoa utomvu wake,
kisha ganda lenyewe, polepole, lisivute mshipa.
Mfupa ukarudishwa kwa skrubu.
Nilipozinduka niliuliza za milimita ngapi.
Muuguzi akadhani ni dawa ya usingizi.

Maabara wakaona chembe safu kwa safu,
kama meno ya gurudumu. Si saratani.
Jina lake refu Nestan aliliandika nyuma ya bahasha,
na bahasha tukaipoteza.

Sasa kioo kinakaa. Mshale ni mmoja.
Nyusi bado ganzi: nzi akitua pale
namjua kwa mabawa tu.

Kila Oktoba Tsiala anadai picha mpya.
Nestan hunipiga dirishani,
na kabla ya kubonyeza hulitazama lile jicho
kwa muda mrefu kidogo
kuliko picha inavyohitaji.