Fomu ya Darasa la Kwanza

Ukumbi wa shule, Alkhodhi, mwezi wa sita,
kiyoyozi kinanguruma kumshinda mwalimu mkuu.
Tumepewa bahasha ya mwaka ujao: sare, saa ya basi,
chupa ya maji iandikwe jina,
viatu vyeusi, visiwe vya kamba.

Yakdhani kajipenyeza chini ya kiti,
anahesabu viatu vya wazazi.

Najaza. Jina la baba, la babu, kabila.
Chanjo, zote. Mzio: ufuta.
Kisha, Lugha ya nyumbani.
Kisanduku kimoja, punje ya dengu.

Naandika Kiarabu, kalamu inasita.
Nani basi humwambia "pole" akijikwaa?
Mama yangu, aliyeshuka hapa na sanduku la bati
na mbuzi ya kukunia nazi,
humwamsha kwa lugha ipi?

Mwalimu Badriya anapita akikusanya karatasi.
Anachungulia yangu. Anainama,
sauti ya jikoni kabisa:
"Andika pembeni, shoga. Hata kwetu ndivyo."

Naandika pembeni, herufi zinapanda ukingo.

Chini ya kiti, Yakdhani anapaza sauti,
kwa lugha ile ile ya pembeni:
"Mama! Mwalimu mkuu kavaa vya kamba!"