Cha Nne au cha Tano

Saa tisa kasorobo usiku, Punta Arenas,
na upepo unapekua mabati kama askari mwenye hati.
Mama yako yuko zamu, anabangua kaa
kwenye kiwanda cha kule gatini, mpaka saa moja.
Umebaki na mimi, Millaray.
Umebaki na fundi wa kuchomelea vyuma
asiyejua kusoma moto usio na rangi.

Maana chuma huniambia: kikiwa chekundu, ngoja;
kikiwa cheupe, sasa.
Maziwa hayasemi kitu.
Weupe wao ni ule ule, yawe barafu, yawe jehanamu.

Yasna ameacha maagizo kwenye mlango wa friji,
kwa penseli ya nyusi, kalamu nyingine haikuonekana:
Nawa mikono. Nawa tena, Nibaldo, nakujua.
Maji yachemke kwelikweli. Kisha yatulie, yasizidi nusu saa,
yabaki na ukali wa kuua kilichojificha ndani ya unga.
Maji kwanza. Unga baadaye.
Kijiko usikishindilie. Usikirundike. Futa kwa kisu.

Nawe unalia.
Walisema mtoto akililia wembe, mpe.
Wembe ningekupa upesi, huo hapo juu ya sinki.
Wewe unalilia kitu chenye masharti.

Kimoja. Futa.
Viwili. Futa.
Vitatu, na sauti yako imepanda ngazi,
na Don Eleuterio wa chini anagonga dari lake kwa ufagio,
cha nne,
au kile kilikuwa cha tano?

Nikasimama na kijiko hewani.
Nikachungulia chupa: weupe tu.
Hesabu iliyopotea haiachi nyayo.

Ningeweza kukisia. Nani angejua?
Mepesi kidogo, mazito kidogo, ungekunywa, ungelala,
na tumbo lako lingebeba siri yangu.
Lakini niliwahi kuona mshono wa kukisia
ukifunguka ubavuni mwa meli,
na chini yake palikuwa na mtu.

Nikamwaga.
Kopo moja la unga huu ni ujira wangu wa siku nzima na kipande,
nami nikausikia ule mfereji wa sinki
ukimeza Jumanne asubuhi, gudu, gudu,
bila hata kusema ahsante.

Hukunihurumia. Uliendelea kulia kama mwenye haki,
na haki ulikuwa nayo.

Safari hii nilihesabu kwa sauti,
kubwa kuliko yako, kama dalali wa mnada wa kondoo:
KIMOJA! VIWILI!
Ukanyamaza kwa mshangao.
Hata ufagio ukanyamaza.
Cha tano nilikitia kwa kunong'ona.

Maikrowevu sikuigusa. Hupasha kama kibarua mlevi:
hapa baridi, pale panaunguza.
Nilifungua dirisha, nikakomba theluji ya ukingoni,
nikaijaza bakuli, nikaisimamisha chupa humo,
nikawa naizungusha, naizungusha.
Miaka thelathini na minane nautukana upepo huu.
Leo ulikuja ndani, ukafanya kazi.

Viganja vyangu vilikufa zamani, haviwezi kutoa ushahidi.
Nikadondosha tone kwenye kifundo cha ndani, cha kulia:
kovu. Halihisi.
Cha kushoto, pale mshipa unapopiga:
sikuhisi moto, sikuhisi baridi,
na huko kutohisi ndiko kulikokuwa jibu.

Ukanywa na kope zako zikitetemeka.
Ukaacha vidole viwili vya maziwa, nami nikavimwaga pia,
mara hii bila kinyongo.
Kisha nikatafuta ile penseli ya nyusi,
nikaandika chini ya maagizo yote:
HESABU KWA SAUTI.

Yasna ataingia na harufu ya kaa nyweleni,
hajavua koti, atauliza vilikuwa vijiko vingapi.
Nitamwambia vitano.
Vile vya kwanza, vinne au vitano,
ni vyangu mimi na mfereji.