Ufunguo

Tangu pikipiki initupe pale Nyawera
majina ya vitu yamehama nyumba.
Nikitaka kijiko, mdomo unasema ufunguo.
Nabintu ananiletea kijiko.

Wageni husema: Mungu ashukuriwe, amepona kabisa.
Hawajaniona nimeziba masikio katikati ya soko la Kadutu,
nalia,
wala nikipima ubao mmoja mara saba,
mara ya nane nikiuacha.

Yule fundi Cirhuza wa zamani simngoji tena.
Akirudi atanikuta kibarazani
nachambua sambaza, polepole,
kovu likiwasha kabla ya mvua.

Jana mtoto wetu, uji mbele yake,
aliuliza:
"Ufunguo wangu uko wapi?"
Hakuna aliyecheka.
Nikampa, naye akakoroga.