Chupa

Mwaka juzi, kwa fedha ya parachichi,
walimtoa Bibi Tupokigwe mtoto wa jicho
kwa kisu chembamba kama ukucha wa paka.
Akarudi Kiwira akituambia mmoja mmoja
nani kazeeka.

Masika haya ukungu umerudi.
Si ule wa Rungwe, unaofika alfajiri
na kuaga saa nne kama mgeni mwenye adabu.
Huu umeingia ndani, umevua viatu.
Bibi akatia chumvi kwenye chai.
Akaisimamia kanga iliyoanikwa, akaisalimu:
"Ugonile, mama?"

Njia nzima ya Mbeya alinung'unika.
"Nimezalisha miaka arobaini.
Mtoto akishatoka, katoka.
Huyu karudije?"

Daktari Mwambene alichora nyuma ya kadi:
hii lenzi tuliyokuwekea,
huu mfuko tuliouacha uibebe.
Mfuko umeota utando. Tutautoboa kwa leza.
"Ni moto?"
"Ni mwanga."
"Mwanga unaokata?"
"Unakata, mama."

Kidevu hapa. Paji hapa. Usitikisike.
Yeye, aliyewaambia wake wa watu
"usisukume, bado",
akatulia kama alivyoambiwa.

Tik.
Tik, tik,
kama kunde kavu zikipasuka juani.
Nilihesabu ishirini na tatu.

"Kumbe," akasema, kidevu kikiwa palepale,
"mnapasua chupa."

Daktari hakuelewa. Muuguzi mlangoni alicheka
mpaka akashika kiuno.

"Nami nilipasua. Kwa ukucha.
Chemli ina mafuta ya kufikia jogoo wa kwanza tu,
mvua inapiga bati, mama mtu ananing'ata bega.
Maji yakimwagika, unajua yupo njiani."

Hapa hayakumwagika maji.
Vijidoa tu, vyeusi, vilielea kama visubi,
vitaisha, walisema, baada ya siku chache.

Tulilala Mwanjelwa kwa shangazi.
Asubuhi Bibi alikuwa uani peke yake,
ameuinulia uso mlima.
"Ule nao wanauitaje?"
"Loleza, Bibi."
Akalitafuna jina, akalikuta lile neno la jana
limejificha mkiani.
Hakusema kitu. Aliguna tu,
kama mtu aliyedanganywa bei zamani
na leo kaambiwa ukweli.

Kisha akanigeukia, akanitazama,
akanitazama tena.
"Sweta umelifunga kombo.
Tangu lini?"
"Tangu jana, Bibi."
Akanifungua vifungo vyote,
akaanza upya, kutoka chini.