Mti Gani, Fundi?

Time binti Ngwali kaliweka mezani,
juu ya mlango ambao vanishi yake haijakauka:
gita la umeme la marehemu kakake,
jeusi, limekatika masikio mawili,
limefungwa kanga kama mtoto mwenye homa.
"Nambie mti gani. Kuna mtu Unguja
ataka kujua kabla hajataja bei.
Ukiwa wa Ulaya, naezeka nyumba."

Mie fundi wa milango hapa Limbani.
Mbao hunijia uchi, nazo hujisema zenyewe:
mninga kwa vumbi lake puani,
mvule kwa ukaidi wake mbele ya randa.
Lakini mti uliopakwa rangi tabaka tatu
ni mtu aliyevaa miwani ya jua msibani.

Nikalipima kwanza kwa Msellem, mizani ya karafuu.
Kilo nne na robo, pamoja na vyuma.
Zito kwa msufi, jepesi kwa mbambakofi.
Msellem akauliza, "Daraja la ngapi hii?"
Nikaligonga kwa kifundo cha kidole.
Nikalilamba ukingoni, usicheke:
rangi ya gari, na chumvi ya mkono wa mtu.

Nyumba njema si mlango,
na sisi tuuzao milango tunalijua hilo kwa aibu.
Nikatafuta bisibisi.
Skrubu nane; ya tano ilikuwa kijiti cha kiberiti.
Nikanyanyua bamba, sumaku, nyaya, utando wa buibui,
na kule shimoni, ambako mpaka rangi hakufika,
manjano.
Manjano ya bizari iliyoanza kuungua.
Nikakwangua kidogo, nikanusa.
Mfenesi.
Ule ule wa vitanda na mashua.

Ningeishia hapo. Swali lilikuwa mti.
Lakini shimo lile lilichongwa kwa mkono,
na kila patasi ilipopita iliacha unyuzi,
mstari mmoja ulioinuka, upande wa kushoto,
pigo hili na pigo lile, unyuzi ule ule.
Patasi yenye pengo.

Ninayo.
Imo katika kopo la misumari,
ya nusu inchi, mpini wa mpera,
na pengo lake sijalinoa miaka thelathini
kwa kuwa marehemu baba alinambia liache.
Nikaiingiza shimoni. Ikakaa
kama ulimi kinywani.

Baba! Aliyekuwa akifunga dirisha
vijana wa Bopwe wakianza mazoezi.
Aliyesema gita ni kuni zilizosahau kazi.
Siku zile vitu vya nje havikuwa vikishuka bandarini,
na kakake Time alikuja usiku (nabuni tu)
na shingo ya gita isiyo na kiwiliwili,
na baba akafunga dirisha.
Miaka yote nilidhani azuia sauti isiingie.
Kumbe vumbi lisitoke.

"Fundi, umenyamaza. Mbaya?"
"Mfenesi."
"Wa hapa?"
"Wa hapa hapa."
Akashusha pumzi kama mtu abanduaye bati moja moja
kwenye paa alilokwisha kuliezeka kichwani.
Akaandika kwenye simu, herufi baada ya herufi.
Jibu likaja upesi: mfenesi ndio mti gani?

"Nimwambie nini?"
Unga wa manjano umenijaa viganjani,
la baba nimelimeza, sijui kwa nini.
"Mwambie ni mti uzaao kiunoni,
na utomvu wake haukubali sabuni."
"Hilo litapandisha bei?"
"Halipandishi."

Nikarudisha bamba. Skrubu saba,
na mahali pa ya tano, kijiti kile kile,
nikakisukuma kwa kidole gumba
mpaka kilipokuwa amekiacha.