Ukingo

Mama alianguka Jumanne, na hakuteleza.
Ni ule ukingo: shubiri mbili na nusu
za chuma kilichopakwa weupe,
mguu wake wa kushoto ulikataa kuzipanda.
Akakaa sakafuni, taulo begani,
akaniita kwa jina langu la ubatizo.
Nikajua mambo yamechacha.

Hodhi hiyo tuliikuta katika nyumba hii ya Woodley,
imejibana baina ya kuta
kama mgeni aliyesahau kuaga.
Hakuna aliyewahi kujilaza humo.
Nani angempa maji ya kujilazia?
Siku njema tulisimama ndani yake na kopo na ndoo.
Siku za mgao ikageuka ghala:
Jumatatu usiku mfereji unakohoa, tunakinga,
kisha kimya hadi Jumamosi, tunachota kwa adabu.
Baba alichora mstari kwa rangi ya kucha ya Kawira:
"Chini ya hapa ni maji ya Ijumaa. Asiguse mtu."
Baba hayupo. Mstari upo.

Fundi Shikuku akaja na futi na penseli sikioni.
"Tunatoa hii, tunashusha sakafu,
tunaipa mteremko kidogo uelekee kwenye tundu,
vigae visivyoteleza, chuma cha kushika hapa, na hapa.
Hakuna kupanda, mama.
Unaingia kama unavyoingia sebuleni."
"Na maji yakipotea?"
Fundi akanitazama. Nikatazama dari.
"Shawa ni nzuri," akasema Mama,
"lakini haijui kuweka akiba."

Siku nne za vumbi. Vumbi kwenye sukari,
vumbi ndani ya Biblia, katika kitabu cha Ayubu.
Mlango ukang'olewa, wanaume wanne wakaibeba
kwa hatua fupi, wakipumua kama wafiwa.
Chini yake: chokaa iliyolowa, kijiko,
gololi tatu za kijani.
Gololi zangu!
Miaka thelathini nimemwita Kirimi mwizi.
Nikampigia simu huko Nkubu, akacheka sana,
kisha akadai fidia.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa tayari getini,
mizani yake ikining'inia,
kamba ameshaifunga kwenye miguu ya hodhi.
Mama akatoka na mkongojo wake wa miguu minne,
polepole, tok, tok, hadi akamfikia.
"Kijana, fungua kamba.
Hicho unachotaka kupima si chuma.
Ni Ijumaa yangu."

Sasa ipo nyuma ya jikoni, chini ya mfereji wa paa,
inangoja mvua za Aprili
na ule mstari mwekundu ukiangalia mlango.

Siku ya kwanza ya shawa
tulikubaliana mlango usifungwe kabisa.
Nikakaa koridoni na gazeti nililokwisha kulisoma.
Nikasikia maji. Kisha kimya.
Sabuni ikisugua. Maji tena, hesabu ya ishirini,
akafunga.
"Mama, acha yatiririke, maji yapo!"
"Yapo leo."
Yale ya mwanzo, ya baridi, kabla umeme haujayashika,
alikuwa ameyakinga kwenye beseni, ya choo.
Akatoka ananukia, kitambaa kichwani,
hakuita mtu. Akanipita
kama mtu anayepita mlinzi wa benki.

Usiku nikaingia mimi.
Vigae vya kijivu, stuli ya plastiki,
sakafu sawasawa tangu mlangoni hadi ukutani.
Nikapiga hatua, na mguu wangu wa kulia
ukajiinua wenyewe, juu,
ukavuka kitu ambacho hakipo,
ukashuka upande wa pili taratibu, kidole kwanza,
usije ukamwaga maji ya Ijumaa.